Majina Bila Vitendo: Uhakiki wa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia (1990) kwa Mizani ya Maabara za Shule za Kata, Temeke na Kinondoni

Ikisiri

Uhakiki huu unaitathmini Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyochapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) mwaka 1990, kutoka mahali ambapo kamusi hiyo hutazamwa kwa nadra, yaani kwenye meza ya maabara ya shule ya sekondari. Vigezo vilivyozoeleka vya kutathmini istilahi huuliza iwapo neno ni angavu, ni fupi, ni la kimfumo na linakubalika. Uhakiki huu unaongeza swali jingine: je, neno hilo linamsaidia mwanafunzi kufanya jaribio, kueleza alichokiona na kutoa hitimisho? Hoja kuu ni kwamba kazi ya usanifishaji ilijikita katika nomino, ilhali sayansi ya vitendo husimama juu ya vitenzi. Darasani hali ni kinyume: mwalimu huazima nomino za Kiingereza na kubaki na vitenzi vya Kiswahili. Mifano imetolewa katika majaribio ya kawaida ya masomo yote matatu na katika mazingira ya pembezoni mwa Dar es Salaam. Inapendekezwa kwamba toleo lolote jipya lianzie kwenye kitenzi.

1.0 Utangulizi

Mwaka 2014 serikali ilihimiza kwa nguvu kwamba kila shule ya sekondari ya kata iwe na maabara tatu: moja ya biolojia, moja ya kemia na moja ya fizikia. Katika kata za pembezoni mwa Dar es Salaam, kama vile Chamazi, Charambe na Toangoma upande wa Temeke, na Bunju, Wazo na Mabwepande upande wa Kinondoni, agizo hilo lilizikuta shule ambazo nyingi zilianzishwa katika kipindi cha Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) ulioanza mwaka 2004. Mjadala wa wakati huo ulihusu matofali, mabati, meza, kemikali na michango ya wananchi. Swali la lugha itakayosemwa ndani ya vyumba hivyo halikupewa uzito kama huo.

Hata hivyo, swali hilo ndilo linalomkabili mwanafunzi kila anapoingia maabara. Katika shule ya msingi ya serikali amesoma Sayansi kwa Kiswahili kwa miaka kadhaa. Amejifunza habari za mizizi na majani, nyenzo na egemeo, na maji yanayochemka na kuwa mvuke, kwa lugha anayoitumia sokoni na nyumbani. Anapoingia Kidato cha Kwanza, lugha hiyo huwekwa kando. Maelekezo ya jaribio huandikwa kwa Kiingereza, na mtihani wa vitendo wa Baraza la Mitihani la Tanzania humtaka aandike kwa Kiingereza alichokifanya, alichokiona na maana yake. Mwanafunzi anaweza kutazama kimiminika kikibadilika rangi mbele yake, akatambua kwamba kimebadilika na hata kwa nini, kisha akapoteza alama kwa sababu hakuwa na sentensi ya kusema hivyo.

Watetezi wa Kiswahili wamezoea kujibu kwamba istilahi zipo, na ushahidi unaotajwa mara nyingi ni kamusi hii ya TUKI. Jibu hilo ni la kweli, lakini halitoshi. Sehemu zinazofuata zinaeleza kwa nini halitoshi, bila kuidharau kazi iliyofanywa.

2.0 Kamusi iliyoandaliwa kwa shule ambayo haikuja

Ni vema kuanza kwa haki. Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi mwaka 1967. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya uenyekiti wa Jackson Makweta, ilipendekeza kwamba Kiswahili kianze kutumika katika Kidato cha Kwanza mwaka 1985 na kupanda ngazi hadi chuo kikuu. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 Criper na Dodd walieleza kwamba kiwango cha Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari hakikutosha kwa kujifunzia masomo mengine, lakini ushauri wao ulikuwa wa kukiimarisha Kiingereza. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliendelea kukitambua Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia sekondari. Sera ya mwaka 2014 ilifungua mlango kwa Kiswahili katika ngazi zote, na toleo lake la mwaka 2023 likairudisha sekondari kwenye Kiingereza.

Kwa hiyo kamusi iliyotoka mwaka 1990 iliandaliwa kwa ajili ya shule ambayo haikuja. Haikupata walimu wa kuibishia, wanafunzi wa kuipotosha, wala watahini wa kuilazimisha iwe sahihi zaidi. Istilahi hukomaa kwa kutumiwa vibaya, kukosolewa na kutumiwa tena. Istilahi za kamusi hii hazikupata bahati hiyo kwa kiwango cha kutosha. Uhakiki wowote usiozingatia jambo hilo utakuwa unailaumu kamusi kwa kosa la sera.

Pamoja na hayo, sera ikibadilika kesho, kamusi hii ndiyo itakayofuatwa kwanza rafuni. Hivyo basi, kuuliza iwapo inaweza kuibeba maabara ni kujiandaa kwa siku ambayo swali hilo halitakuwa la nadharia tena.

3.0 Mkabala wa uhakiki

Tasnifu nyingi za Kiswahili zinazohusu istilahi hutumia vigezo vya mwanaisimu wa Uganda, Kiingi, vinavyofahamika kwa jina la PEGITOSCA. Vigezo hivyo hupima, pamoja na mambo mengine, usahihi wa neno, iktisadi yake, uwezo wake wa kuzalisha maneno mengine, uangavu, umfumo na ukubalifu. Ni vigezo vyenye manufaa, na sehemu ya 4.1 inavitumia. Kasoro yake ni kwamba hupima neno likiwa limesimama peke yake, nje ya sentensi na nje ya kazi.

Mtazamo huo una asili yake. Nadharia ya jumla ya istilahi iliasisiwa na Eugen Wüster, mhandisi wa Austria, ambaye mwaka 1968 alitoa kamusi ya mashine za karakana. Kanuni yake ni kwamba dhana hutangulia na jina hufuata, na kila dhana istahili jina moja. Kanuni hiyo iliwafaa watumiaji wake kwa sababu walikuwa wahandisi waliokwisha kuijua mashine. Walichokosa ni makubaliano juu ya jina. Mwanafunzi wa Chamazi yuko katika hali tofauti, kwani kwake dhana haijatangulia. Ataipata, ikiwa ataipata, kwa kuushika mrija wa kioo, kumimina, kusubiri na kutazama. Dhana na jina vinamfikia pamoja, na vyote viwili vinapita katika kitendo.

Teresa Cabré, kwa upande wake, alisisitiza kuwa istilahi ni sehemu ya lugha ya kawaida inayopata maana maalumu kutokana na muktadha wa mawasiliano. Mkabala huo ndio unaofuatwa hapa, kwa kuongeza kigezo kimoja kinachoitwa katika uhakiki huu utendekaji: uwezo wa istilahi kuingia katika agizo, katika taarifa ya kilichoonekana na katika hitimisho, bila kumlazimisha msemaji kuhamia lugha nyingine.

4.0 Uhakiki

4.1 Mafanikio: jina linalofundisha

Juhudi za usanifishaji zilizoongozwa na TUKI na BAKITA zilizaa istilahi kadhaa zinazofundisha kwa umbo lake. Mfano mzuri ni kanieneo. Neno hili limeunganisha kani na eneo, na mwanafunzi anayelisikia amekwisha kupewa nusu ya kanuni: ni kani iliyogawanywa kwa eneo. Katika mitaa ya Mbagala neno presha lina kazi nyingine, kwani mtu mwenye presha ni mgonjwa. Fundi baiskeli naye husema gurudumu halina upepo. Kanieneo halimwachi mwanafunzi achanganye ugonjwa, upepo na kanuni ya fizikia.

Jozi ya tungamo na uzito inastahili sifa kama hiyo. Katika soko la Tandika mizani huonesha kilo, na kilo hizo huitwa uzito. Fizikia hudai kwamba kilo ni za tungamo, na kwamba uzito ni kani inayopimwa kwa niutoni. Kwa kuwa neno la sokoni limebaki na maana mpya iliyobanwa, na neno jingine likaletwa kushika nafasi yake ya zamani, mwalimu ana mahali pa kuanzia mazungumzo. Anaweza kuuliza: mfuko wa kilo mbili ukipelekwa mwezini, nini kitabadilika? Swali hilo linaeleweka kwa Kiswahili kwa sababu maneno mawili yapo.

4.2 Kasoro ya kwanza: uangavu unaopotosha

Si kila istilahi angavu inaangaza upande unaotakiwa. Usanisinuru, istilahi iliyoenea katika ufundishaji wa biolojia, imeunganisha usanisi na nuru. Mzungumzaji wa Kiswahili, akikutana na nomino ya kitendo inayofuatwa na nomino nyingine, huielewa ya pili kuwa ndiyo inayotendwa. Upimaji ardhi ni kuipima ardhi, na uchimbaji madini ni kuyachimba madini. Kwa mantiki hiyo hiyo usanisinuru ni kuisanisi nuru, kana kwamba mmea unatengeneza mwanga. Ukweli ni kwamba mmea unatengeneza chakula kwa msaada wa mwanga. Neno limetafsiri vipande vya Kiyunani kimoja kimoja bila kuuliza sarufi ya Kiswahili inavisomaje vikiunganishwa.

Kasoro hiyo haionekani neno linapokaririwa. Huonekana mwanafunzi anapojaribu kuligeuza neno kuwa sentensi. Akiulizwa mmea unafanya nini, hana kitenzi. Anabaki kusema kwamba mmea unafanya usanisinuru, na kauli hiyo haimwelezi yeye wala msikilizaji kinachotokea ndani ya jani. Hapa kigezo cha utendekaji kinagundua udhaifu ambao kigezo cha uangavu peke yake kingeuficha.

4.3 Kasoro ya pili: kamusi na darasa vimepishana

Kama zilivyo kamusi za istilahi kwa jumla, kamusi hii imejengwa juu ya nomino. Humpa msomaji kidahizo cha Kiingereza na kisawe chake cha Kiswahili, na sehemu kubwa ya vidahizo hivyo ni majina ya vitu, sifa na michakato. Swali la kujiuliza ni hili: katika maabara ya shule ya kata, ni maneno gani hasa ambayo Kiswahili kimeshindwa kuyatoa?

Watafiti wa lugha ya kufundishia, wakiwamo Rubagumya, Qorro, Brock-Utne na Mwinsheikhe, ambaye alichunguza hasa ufundishaji wa sayansi, wameonesha kwa muda mrefu kwamba walimu wa sekondari nchini Tanzania huchanganya lugha ili waeleweke. Mchanganyiko huo una utaratibu. Nomino huja kutoka Kiingereza, na kitenzi pamoja na viambishi vyake hubaki Kiswahili. Mwalimu wa kemia husema: chukua bureti, ijaze asidi hadi kwenye alama ya sifuri, fungua polepole, acha idondoke. Vifaa vina majina ya kigeni, na mikono inaongozwa kwa Kiswahili.

Jambo hilo linaiweka kamusi katika hali ya kushangaza. Kile ilichokitoa kwa wingi, yaani nomino, ndicho ambacho walimu huazima kutoka Kiingereza bila taabu, kwa kuwa bureti na pipeti zimeandikwa hivyo kwenye maboksi yake na mtihani utaziita hivyo. Kile ambacho haikukigusa sana, yaani vitenzi, ndicho ambacho walimu hukitoa kwa Kiswahili kila siku, bila kitabu, bila makubaliano na bila kuthaminiwa. Kamusi na darasa zimepishana kama watu wawili waliotoka kutafutana kwa njia tofauti.

Inaweza kudhaniwa kwamba vitenzi vya kawaida havihitaji kusanifiwa. Titresheni inaonesha vinginevyo. Mwanzoni asidi huweza kumiminwa kwa kasi kiasi. Karibu na kikomo ni lazima idondoshwe tone kwa tone, na chupa isukwesukwe kwa mzunguko bila kurusha matone. Kumimina, kudondosha, kusukasuka, kukoroga na kutikisa ni vitendo tofauti, na kila kimoja kina matokeo yake. Anayekoroga kwa kijiti huondoka na sehemu ya kimiminika kwenye kijiti hicho. Anayetikisa kwa nguvu hurusha matone kwenye kuta. Kiswahili kina tofauti hizi zote. Kilichokosekana ni kitabu kinachomwambia mwalimu wa Bunju na mwalimu wa Charambe wazitumie kwa namna moja.

Uzito wa suala hili huonekana zaidi katika jaribio la wanga kwenye jani. Jani huchemshwa kwanza ndani ya maji ili kuua seli zake, kisha hutiwa ndani ya spiriti ya moto ili kuondoa rangi ya kijani, huoshwa kwa maji ya uvuguvugu, na mwisho hudondoshewa iodini. Spiriti haiwekwi kamwe juu ya moto, kwa sababu mvuke wake huwaka. Chombo chenye spiriti hutumbukizwa ndani ya chombo kikubwa chenye maji ya moto. Agizo hilo likiandikwa kwa Kiingereza hutumia neno ambalo mwanafunzi alilifahamu kwa maana ya kuoga. Kwa Kiswahili linaweza kusemwa kwa sentensi ambayo mtu yeyote aliyewahi kupasha maziwa ya mtoto kwa kukitumbukiza chombo ndani ya maji ya moto ataielewa. Hapa suala si alama za mtihani peke yake. Mwanafunzi asiyeelewa agizo hilo anaweza kuungua.

4.4 Sarufi ya maabara

Upungufu huu unasikitisha zaidi kwa sababu mnyambuliko wa vitenzi vya Kiswahili unaelekea kana kwamba ulitengenezwa kwa ajili ya maabara. Taarifa ya jaribio hudai mambo matatu yatenganishwe: alichokifanya mwanafunzi, kilichoonekana, na kanuni inayotokana nacho. Kiswahili hutenganisha mambo hayo ndani ya kitenzi chenyewe.

Mwanafunzi huchemsha, maji huchemka. Mwanafunzi huyeyusha, nta huyeyuka. Mwanafunzi hukausha, chumvi hukauka. Kiambishi cha usababishi hubeba kitendo cha mtu, na umbo jingine hubeba tukio la kitu. Kiingereza hutumia kitenzi kilekile kwa pande zote mbili katika mifano hii mitatu, na mwanafunzi hulazimika kutambua tofauti kwa mpangilio wa sentensi tu.

Viambishi vya wakati na hali huendeleza kazi hiyo. Anayeandika kwamba maji ya chokaa yamegeuka meupe ameripoti tukio moja lililotokea mezani pake. Anayeandika kwamba maji ya chokaa hugeuka meupe yakipitishiwa kaboni dayoksaidi ametoa kanuni. Tofauti kati ya yamegeuka na hugeuka ndiyo tofauti kati ya kuona na kuhitimisha, nayo ni miongoni mwa mambo magumu zaidi kumfundisha mwanasayansi chipukizi. Mtoto aliyekulia Mabwepande anaitumia kila siku bila kufundishwa. Shule ikimwondolea sarufi hiyo, inamwondolea kifaa ambacho hakuna bajeti inayoweza kukinunua.

Katika upande wa majina, jambo hilohilo limeachwa bila ufumbuzi. Neno uchunguzi hutumika kwa kutazama, kwa kupeleleza na kwa utafiti mzima. Limo hata katika jina la taasisi iliyotoa kamusi. Mwanafunzi anayeona kichwa cha safu kimeandikwa uchunguzi hajui kama aandike alichokiona au alichokifikiria. Vishazi vya kawaida, kilichoonekana na kinachohitimishwa, vingemaliza utata huo. Havina sura ya istilahi, na huenda ndiyo sababu wasanifishaji hawakuvifikiria.

4.5 Kuhesabu kwa timazi

Fizikia ina mfano ulio wazi zaidi. Katika jaribio la pendulamu, mwanafunzi hufunga kijiwe kwenye uzi, hukivuta kidogo pembeni na kukiachia, kisha hupima muda wa mibembeo 20. Uzi wa mita 1 hutoa takribani sekunde 40, yaani sekunde 2 kwa kila mbembeo, na kwa kipimo hicho hukokotolewa mchapuko wa graviti, takribani 9.8. Kosa la kawaida ni kuhesabu upande mmoja kuwa mbembeo kamili. Muda ukipungua kwa nusu, jibu huongezeka mara nne na kukaribia 39.

Kosa hilo hutokana na neno, wala si uzembe wa macho. Neno la kitaalamu la mbembeo, kwa lugha yoyote, halisemi lenyewe linaanzia wapi na kuishia wapi. Maneno kwenda na kurudi yanasema. Isitoshe, kifaa chenyewe si kigeni katika kata ambazo nyumba mpya hujengwa kila mwezi. Mwashi wa Toangoma ana timazi, uzito ulioning'inizwa kwenye uzi. Yeye husubiri itulie ili aone kama ukuta umenyooka. Mwanafunzi huiachia ibembee ili ahesabu. Mwalimu anayeanza na timazi ya mwashi anaanza na kitu ambacho darasa zima limekiona. Kamusi inayotoa jina la pendulamu peke yake haimfungulii mlango huo.

4.6 Rangi

Majaribio ya kemia na biolojia hutegemea rangi, na hapa pana utajiri na mtego kwa pamoja. Kiswahili kina vivumishi vichache vya asili vya rangi: -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyingine nyingi hutajwa kwa kitu: kijani kwa majani, kijivu kwa majivu, kahawia kwa kahawa, manjano kwa bizari, zambarau na chungwa kwa matunda. Huo si upungufu, kwani rangi inayotajwa kwa kitu inaweza kulinganishwa na kitu hicho, na kulinganisha ni kupima.

Mtego unapatikana pale kitu cha kulinganishia kinapotoka mahali pengine. Katika jaribio la Benedict la sukari, kimiminika cha buluu kikipashwa moto huweza kupita kijani, manjano na chungwa hadi kufikia rangi ambayo vitabu huiita nyekundu ya tofali. Mwanafunzi wa bara aliyezoea nyumba za matofali ya kuchoma ataielewa. Huko Mbagala na Bunju tofali ni la mchanga na saruji, nalo ni la kijivu. Maelezo yanayosema rangi ya tofali la kuchoma yangeokoa jibu. Tafsiri ya neno kwa neno inalipoteza. Mfano huu mdogo unaonesha kwamba usanifishaji usiokwenda hadi mahali pa matumizi hauwezi kujikamilisha.

Kwa upande mwingine, jikoni kuna viashiria ambavyo maabara haijavitumia vya kutosha. Kila anayefua anajua kwamba doa la bizari kwenye nguo nyeupe hugeuka jekundu likiguswa na sabuni. Magadi yanayolainisha maharage yangeligeuza vilevile, na ndimu ingelirudisha kwenye manjano. Hilo ni somo kamili la asidi, alkali na kiashiria, linalofundishika kwa vifaa vinavyopatikana katika genge lolote, na maneno yake yote yapo. Kinachokosekana ni kitabu kinachounganisha doa la kanga na chupa ya methili chungwa.

5.0 Hoja kinzani

Hoja ya kwanza dhidi ya uhakiki huu ni kwamba mtihani ni wa Kiingereza, hivyo vitenzi vya Kiswahili havimsaidii mtahiniwa. Hoja hii ina uzito, na mzazi anayeitoa hapaswi kubezwa. Hata hivyo, mtahiniwa hawezi kueleza kwa Kiingereza jambo ambalo hakulielewa kwa lugha yoyote. Aliyetenganisha vema kilichoonekana na kinachohitimishwa kwa Kiswahili ana kitu cha kutafsiri. Asiyewahi kuvitenganisha hukariri majibu ya mitihani iliyopita, na rangi ikibadilika kinyume cha alivyokariri huandika alichokariri badala ya alichokiona. Hapo sayansi imekwisha kuharibika.

Hoja ya pili ni kwamba kamusi ya istilahi si kitabu cha mwongozo wa maabara, na si haki kuidai kazi hiyo. Ni kweli kwamba kila kitabu kina mipaka yake. Lakini kamusi hii imejiita ya biolojia, fizikia na kemia, na masomo hayo shuleni ni ya kutenda. Isitoshe, uwezo wa kuzalisha maneno, unaosifiwa na vigezo vilevile vya Kiingi, katika Kiswahili huanzia kwenye kitenzi. Chuja huzaa mchujo, chujio na uchujaji. Yeyusha huzaa myeyusho na kiyeyushi. Pima huzaa kipimo, vipimo na upimaji. Kuanza na kitenzi ndiyo njia fupi ya kuzipata nomino zenyewe, zikiwa na mizizi inayoeleweka.

6.0 Hitimisho

Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilijibu kwa heshima swali la wakati wake, yaani iwapo Kiswahili kina majina ya mambo ya sayansi. Baada ya kamusi hiyo, kusema kwamba lugha haina maneno ni kutoisoma. Swali ambalo haikulijibu ni iwapo Kiswahili kilichosanifiwa kinaweza kuiongoza mikono ya mwanafunzi, kuyaagiza macho yake na kuipanga taarifa yake. Uhakiki huu umeonesha kwamba uwezo huo umo katika lugha yenyewe, katika kuchemsha na kuchemka, katika yamegeuka na hugeuka, na kwamba walimu wa shule za kata wanautumia kila siku bila kitabu cha kuwaunga mkono.

Inapendekezwa, kwa hiyo, kwamba Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI), ambayo ndiyo mrithi wa TUKI, pamoja na BAKITA na Taasisi ya Elimu Tanzania, zinapoifikiria upya kazi hii zifanye mambo matatu. Kwanza, kila istilahi ya mchakato iambatane na kitenzi chake na sentensi tatu za mfano: ya agizo, ya kilichoonekana na ya hitimisho. Pili, vitenzi vya maabara vikusanywe kutoka kwa walimu wenyewe, kisha visanifiwe kwa uangalifu uleule uliotumika kwa nomino. Tatu, mifano ya rangi, vifaa na vipimo ijaribiwe katika mazingira ya wanafunzi wengi, yakiwamo ya Temeke na Kinondoni, kabla ya kuchapishwa.

Hatua hizi hazihitaji kusubiri mabadiliko ya sera, kwa kuwa mwalimu anayechanganya lugha leo ataweza kuzitumia leo. Maabara tatu za kila shule zilidaiwa kwa miaka mingi. Lugha ya kuzitumia imekuwapo muda wote midomoni mwa walimu na wanafunzi wao, nayo inasubiri kuandikwa.